Mnara wetu unalia maji, na kioo chake kinaelea juu ya kitu kama fedha: tuanzie wapi?

*"Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya watu saba tuliokabidhiwa mnara wa taa wa zamani, uliozimwa miaka mingi. Ni wa mawe, wa mviringo, kimo chake kama mita 25, na umesimama juu ya mwamba, hivyo chumba cha taa kiko mita 36 hivi kutoka usawa wa bahari. Miaka sita iliyopita tulisaidiwa kuupiga plasta ya saruji ndani na nje, ukapakwa rangi nzito ya plastiki, na matundu yote ya juu tukayaziba ili popo wasiingie. Sasa kuta zinalia maji hata wakati wa kiangazi, plasta inabanduka kwa mabamba, na nyuma yake kuna unga mweupe.*

*Juu kuna kioo kikubwa cha pande nne, kila upande una jicho la duara katikati, kinanifika kidevuni. Kimekaa juu ya beseni la chuma lenye majimaji yanayong'aa kama fedha, na ukikisukuma kwa kidole kinazunguka. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi pale anasema kioo hicho ndicho kilichokuwa kikizalisha mwanga, na kwamba ndani yake palitosha taa kama chemli. Anakumbuka kilimulika kila baada ya sekunde tano.*

*Kamati imegawanyika. Wengine wanataka tukishushe kioo, tuuze majimaji (wanasema yana soko), kisha tufunge taa ya LED juu ya nguzo ya chuma ya mita nne ili ionekane mbali zaidi. Wengine wanataka tukiwashe kioo kama zamani. Halafu kuna jambo dogo: ndani ya kioo, pale palipokuwa na taa, mafundi wa plasta waliacha kibao cha mbao. Sasa kibao hicho kina mstari mweusi wa kuungua, umepinda kidogo. Tunadhani ni sigara. Tuanzie wapi?"*

Marahaba, ndugu katibu. Barua yako ina maswali kama sita, na moja kati ya hayo haliwezi kungoja zamu yake. Nitaanza na beseni, kisha nipande kwenye kioo, ndipo nishuke ukutani.

Majimaji hayo ni zebaki. Acheni kukizungusha kioo kwa kidole, na asipande mgeni wala mtoto mpaka aje mtu mwenye vifaa apime hewa ya chumba hicho. Zebaki haina harufu, na kila siku hutoa mvuke ambao macho hayauoni. Chumba cha taa kimezungukwa na vioo; jua likipiga kinakuwa tanuri, na kadiri joto linavyopanda ndivyo mvuke unavyozidi. Anayeuvuta kwa muda mrefu huanza kutetemeka mikono, kusahau, kukosa usingizi, kukasirika bila sababu. Yapo masimulizi mengi ya watunza taa wa zamani waliodaiwa kurukwa na akili kwa sababu ya upweke. Siwezi kuwapima marehemu, lakini kazi yao mojawapo ilikuwa kuichuja zebaki kwa kitambaa ndani ya chumba kilichofungwa, na mimi siulaumu upweke peke yake.

Kuhusu kuuza, msithubutu. Soko lipo kweli, na hilo ndilo linalonitia hofu: mnunuzi wa pembeni ataihamisha kwa mikono mitupu kwenye chupa za plastiki, na itakayomwagika itaingia kwenye nyufa za sakafu na kukaa humo miaka. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, umeibana biashara ya zebaki katika nchi zilizouridhia, kwa hiyo mnaweza kujikuta mahakamani pia. Baharini nako msiimwage. Huko vijidudu huigeuza kuwa sumu inayoingia kwa samaki wadogo, na mkubwa anayewala wadogo hujilimbikizia yote. Mkikuta tone sakafuni, msifagie wala msitumie mashine ya kufyonza vumbi; vyote viwili huipasua zebaki kuwa chembe ndogondogo, na hizo hutoa mvuke zaidi. Fungeni mlango wa chumba kile, ufunguo akae nao mtu mmoja, mwite wataalamu wa taka za sumu.

Mtauliza, nani aliyekuwa na wazo la kuweka sumu juu ya mnara? Kwa muda mrefu vioo vya minara vilizunguka juu ya magurudumu madogo ya chuma, kwa uzito na kwa uvivu. Mwishoni mwa karne ya 19 mhandisi Mfaransa aitwaye Bourdelles akaona ni heri kioo kielee. Zebaki ina uzito mara 13.6 ya maji, hivyo hata tani kadhaa za kioo na shaba huelea juu yake, na msuguano ukabaki kidogo mno: kidole kimoja kinatosha, kama ulivyojionea. Ghafla ikawezekana kukizungusha kioo kikubwa haraka na kutoa miali ya mkato. Hukunitajia mnara wenu ulijengwa lini, lakini beseni limetaja nusu ya jibu. Mawe yanaweza kuwa ya zamani zaidi. Mtambo wa juu hauwezi kutangulia miaka ya 1890 hivi.

Sasa mzee wenu. Amekosea neno moja, lakini alichokiona ni kweli. Kioo hakizalishi mwanga hata chembe. Kinaula kidogo, kama kioo chochote. Kinachofanya ni kukataza upotevu.

Fikiri chemli imewekwa katikati ya uwanja usiku. Mwanga wake unakwenda kila upande: mbinguni, chini, kushoto, kulia. Nahodha aliye baharini amekaa kwenye ukanda mwembamba sana, pale mbingu inapokutana na maji. Mwanga unaokwenda kwa nyota haumsaidii, wala unaomulika sakafu ya mnara. Ukiweza kuuinamisha ule wa juu na kuuinua ule wa chini hadi wote ulale sawa na bahari, mwali uleule utamfikia nahodha ukiwa na nguvu maradufu kwa maradufu, bila kuongeza tone la mafuta. Hiyo ndiyo siri nzima ya kioo chenu.

Watu waliitafuta njia hiyo kwa karne nyingi. Neno lenyewe la mnara tumelipata kwa Waarabu, manara, mahali pa nuru, na ndiyo maana minara ya misikiti na minara ya taa inatumia jina moja. Ule wa Aleksandria, uliojengwa katika karne ya tatu kabla ya Kristo na kupita mita 100 kwa kimo, ulikuwa na moto mtupu kileleni. Mnara wa Waroma ulioko A Coruña, Hispania, ungali unafanya kazi hadi leo, ila moto wake umebadilishwa mara nyingi. Kuni na makaa vilikula pesa na kutoa moshi, na upepo ukivuma moto ulilalia upande. Katika miaka ya 1780 Mswisi aitwaye Argand akabuni utambi wa mviringo ulio wazi katikati, hewa ikipita ndani na nje, na bomba la kioo juu yake. Mwali ukawa mweupe na mtulivu. Mafundi wakauwekea mgongoni kioo cha chuma kilichong'arishwa, kimebonyea kama bakuli. Ilisaidia, lakini chuma cha siku zile kilimeza sehemu kubwa ya mwanga badala ya kuurudisha.

Lenzi nayo ilikuwa na mkosi wake. Kuukusanya mwanga wa taa nzima kulihitaji lenzi nene kama jiwe la kusagia: nzito, ya gharama, yenye kupasuka kwa joto, na unene wake wenyewe ulikula mwanga. Hapo ndipo alipokuja Augustin Fresnel, mhandisi wa barabara na madaraja nchini Ufaransa, kijana mwenye kifua kibovu. Alielewa kwamba mwanga hupindwa pale tu unapoingia na kutoka kwenye kioo. Katikati unapita tu, umenyooka. Basi unene wa katikati ni mzigo bure. Ukiikata lenzi kuwa pete, ukabakiza mteremko wa kila pete na kuutupa unene, unapata bapa lenye ngazi ngazi linalofanya kazi ya lile jiwe. Hizo ndizo duara unazoziona kuzunguka lile jicho la katikati. Haikuwa mara ya kwanza mtu kuwaza lenzi ya ngazi. Mwanasayansi Mfaransa Buffon alishalitaja wazo hilo katika karne ya 18, kwa shabaha nyingine kabisa ambayo nitairudia mwishoni. Fresnel ndiye aliyeliwashia bahari. Lenzi yake ilianza kazi Julai 1823 kwenye mnara wa Cordouan, mdomoni mwa mto Gironde. Alifariki miaka minne baadaye, akiwa na umri wa miaka 39.

Bapa la katikati peke yake halikushika mwanga wote. Juu na chini yake kulipangwa safu za prizimu, vioo vya pembe tatu ambavyo mwanga ukiingia unagonga ukuta wa ndani, unashindwa kutoka, unarudishwa na kutokea upande mwingine ukiwa umelala sawa. Kioo kinafanya kazi ya kioo cha kujitazamia bila kupakwa kitu chochote nyuma. Mkitazama chenu mtaona zile safu zimepangana kama mbavu, na kila mbavu ina pembe yake. Hakuna mbili katika safu moja zinazoweza kubadilishana nafasi. Kumbukeni hilo fundi wa kwanza atakaposema "tutakifungua tu halafu tutakirudisha".

Vioo hivi vina madaraja, yanayopimwa kutoka mahali pa mwali hadi uso wa bapa la katikati. Daraja la kwanza ni milimita 920, la pili 700, la tatu 500, la nne 250, na la sita 150 tu. La kwanza linamzidi mtu mrefu. Chenu kikiwa kinakufika kidevuni, nadhani ni daraja la tatu, ila kipimo ndicho kitakachosema. Na hapo mzee ametia chumvi kidogo: chemli ingetosha kioo kidogo cha bandarini. Vioo vikubwa kabisa vilipewa taa yenye tambi nne za mviringo, moja ndani ya nyingine. Tangu 1901 ikaja taa ya mvuke wa mafuta ya taa, unaosukumwa kwa shinikizo na kuwakia ndani ya kile kifuko cha wavu. Aliyewahi kupampu karabai anaijua kazi hiyo.

Kumulika kila sekunde tano hakukutokana na taa kuwaka na kuzimika. Mwali haukuzimwa usiku kucha. Kila moja ya zile pande nne hukusanya mwanga kuwa mshale mmoja, kwa hiyo mnara wenu ulikuwa na mishale minne inayozunguka kama mapanga ya feni, na nahodha aliona mmuliko kila mshale ulipompitia usoni. Mishale minne, kila sekunde tano: kioo kilimaliza mzunguko kwa sekunde 20. Kumbukumbu ya mzee inakubaliana na hesabu ya kioo, nami ningemketisha nikaandika kila anachokumbuka kabla ya kufanya kingine chochote. Mwulizeni pia walitia ufunguo mtambo wa saa mara ngapi kwa usiku. Uzito wake ulikuwa ukishuka taratibu ndani ya mnara, na ukifika chini lazima mtu aupandishe, mvua inyeshe au homa impate.

Mdundo huo ni jina la mnara. Nahodha aliyepotea usiku hahitaji kujua tu kwamba kuna nchi kavu. Anataka kujua ni nchi kavu ipi. Anahesabu sekunde, anafungua ramani, anaona ni mnara upi unaomulika kwa kiasi hicho. Lishikeni, litakuwa na kazi tukifika kwenye LED.

Nguzo ya mita nne, nisameheni, ni hela ya kutupa. Wengi hudhani taa ikiwa juu zaidi itaonekana mbali sana. Dunia ni ya mviringo, na hesabu yake ni hii: chukua kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, zidisha kwa 2.08, unapata umbali wa upeo wa macho kwa maili za baharini. Taa yenu iko mita 36. Kipeuo chake ni 6, hivyo upeo ni maili 12.5. Nahodha ambaye macho yake yako mita nne juu ya maji ana maili zake nne na ushei, basi ataiona kutoka karibu maili 17, kama mwanga una nguvu za kutosha. Ongezeni zile mita nne: hamtapata hata maili moja. Kuufanya upeo wa taa kuwa mara mbili ingebidi muipandishe hadi mita 144.

Na juu kuna adui mwingine, mawingu. Kule Cape Point, Afrika Kusini, mnara uliowashwa mwaka 1860 uliwekwa juu kabisa ya mlima, zaidi ya mita 200 kutoka baharini. Usiku mwingi taa ilikuwa ndani ya ukungu, na hewa ikiwa safi mabaharia waliiona mapema mno, wakadhani bado wako mbali na miamba. Aprili 1911 meli ya Kireno iitwayo Lusitania ikapanda mwamba karibu na hapo. Mnara mpya ulijengwa chini, mita 87 tu juu ya maji. Waliochagua kimo cha mnara wenu walijua walichokuwa wakifanya, uacheni.

Haya, ukuta. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mnapopoteza mnara kila siku, wakati mnabishana kuhusu kioo.

Ukuta wa mawe wa zamani ulijengwa kwa chokaa, na chokaa hupumua. Mvua na umande wa bahari huingia kidogo, jua na upepo huvitoa. Ukishaufunika kwa saruji na rangi ya plastiki, mlango wa kutokea umefungwa, ila wa kuingilia haujafungwa, kwa sababu saruji ngumu juu ya ukuta unaojongea kidogo lazima ipate nyufa nyembamba kama unywele. Maji yanaingia kwa ufa na hayana pa kutokea. Na haya ni maji ya bahari: yanapokauka nyuma ya plasta, chumvi inabaki, inaganda kuwa fuwele, fuwele zinavimba na kuisukuma plasta ibanduke. Unga mweupe mliouona ni hiyo chumvi. Ukiukwangua na kupaka rangi upya, umeifunga tena ndani.

Nakisia kuna atakayesema kwenye kikao kwamba chokaa ni ya wazee, saruji ndiyo ya kisasa na yenye nguvu. Mwambieni habari za Eddystone, mwamba ulioko baharini kusini-magharibi mwa Uingereza. Mnara wa kwanza pale uliwashwa na Winstanley mwaka 1698; dhoruba ya Novemba 1703 ikauchukua pamoja naye akiwa ndani. Wa pili, wa Rudyerd, ulikuwa wa mbao, ukateketea kwa moto mwaka 1755. Ndipo akaitwa mhandisi John Smeaton. Yeye alichonga kila jiwe likawa na ulimi unaoingia kwenye mwenzake, kama mbao za pembe ya sanduku, na akaupa mnara umbo pana chini na jembamba juu, akiutolea mfano shina la mwaloni. Lakini kilichomsumbua zaidi kilikuwa kiungo cha kushikiza mawe: chokaa ya kawaida haigandi majini. Akajaribu chokaa za aina nyingi hadi akagundua kwamba ile inayotoka kwenye mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake huganda hata ikiwa imezamishwa. Akaichanganya na majivu ya volkano kutoka Italia. Taa yake, mishumaa 24, iliwashwa Oktoba 1759, na mnara ukasimama zaidi ya miaka 120. Ulipoondolewa, kosa halikuwa la chokaa. Mwamba chini yake ndio uliokuwa ukiliwa na bahari. Sehemu ya juu ilihamishiwa mjini Plymouth, na kisiki chake kingali kwenye mwamba mpaka leo, kikipigwa na mawimbi. Mafundi wa saruji ya kisasa wote wamepitia mlango alioufungua Smeaton. Chokaa inayoganda majini bado inatengenezwa, na ndiyo ukuta wenu unayoililia.

Lakini msikimbilie nyundo. Plasta iliyoshika sana ikibanduliwa kwa nguvu huondoka na uso wa jiwe. Ile iliyokwisha kuachana na ukuta, ukiigonga inatoa sauti ya mtungi mtupu. Hiyo itoke kwanza. Palipo pagumu, jaribuni kipande kidogo mahali pasipoonekana, na jiwe likianza kumeguka, acheni hapo mpaka mhandisi wa majengo ya kale aone. Baada ya kuondoa, ukuta uachwe ukauke. Kwa unene wa mnara hilo ni suala la miezi mingi, huenda likapita mwaka, na hakuna dawa ya kuharakisha nitakayowapendekezea. Kisha ndipo plasta ya chokaa na rangi ya chokaa, ambayo itabidi kurudiwa kila baada ya miaka kadhaa. Ndiyo, ni kazi ya kudumu. Saruji iliwaahidi kwamba kazi itaisha, mkaiamini.

Na yale matundu mliyoyaziba! Mnara wa taa ulisanifiwa kama bomba la moshi. Mwali ulipasha hewa, hewa ikatoka kwenye kuba, nyingine ikavutwa kutoka mlango wa chini, na ngazi yote ikakauka kila usiku bila mtu kufikiria. Minara mingi duniani ilianza kulia maji ilipopata taa zinazojiwasha zenyewe. Gustaf Dalén wa Sweden alibuni vali inayozima gesi jua likichomoza, akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, na mtunza taa akaenda nyumbani. Aliondoka na joto la jiko lake, na tabia yake ya kufungua dirisha asubuhi. Kwenu mwali haupo, mtunzaji hayupo, na matundu yamezibwa. Yazibueni, mtie wavu mwembamba wa kuzuia popo. Ni kazi ya bei rahisi kuliko zote nilizotaja, na ningeifanya kabla ya kugusa plasta. Ila matundu ya chumba cha taa yafunguliwe siku ile wataalamu wa zebaki watakapokuwa juu.

Mkiwa huko, fundi atazame vyuma vilivyozikwa kwenye mawe, hasa nguzo za roshani. Chuma kikishika kutu huvimba, na jiwe hupasuka kwa ndani. Mkiona nyufa zinazofuata mstari wa nguzo, msimruhusu mtu kuegemea kwenye kizuizi hicho.

Basi kioo na LED. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuweka LED ndani ya kioo na kukizungusha tena. Inavutia, nami moyo wangu uko huko, lakini akili inakataa kwa sasa. Beseni lingehitaji kubadilishwa kwa beringi za chuma zenye kubeba mzigo, kazi ya wahandisi wachache na ya gharama kubwa. Tena kioo kilipimwa kwa mwali wa ukubwa fulani. Ukiweka chanzo kidogo kama punje, mshale unakuwa mwembamba mno, mmuliko unapita kabla jicho halijautambua. Msije mkaweka taa ndani na kukiacha kimesimama, mkidhani ni nusu ya uzuri: kitatupa mishale minne isiyosogea, na nafasi yote iliyo kati ya mishale itakuwa giza. Nahodha aliye gizani ataamini mnara umezimwa.

Njia ya pili ni kukishusha kioo kikae kwenye chumba cha maonyesho. Inafaa tu kama chumba cha taa kinakaribia kuanguka. Puti iliyoshikilia prizimu kwenye fremu za shaba imezeeka, mara nyingi ina madini ya risasi, na kila mtikiso ni kipande kinachoweza kuchomoka.

Ya tatu ndiyo ninayoishauri: kioo kibaki mahali pake, kifungwe kisizunguke, zebaki itolewe kitaalamu, na kama bahari yenu inahitaji taa, LED ndogo ikae nje kwenye roshani. Lakini hiyo "kama" ni nzito. Mamlaka inayosimamia usafiri wa baharini lazima iulizwe kwanza, hata kwa taa ya mapambo. Ramani zinaonyesha mnara huo umezimwa; ukiwaka bila taarifa, au ukamulika kwa mdundo wa mnara mwingine, nahodha atasoma jina lisilo lenu na kugeuza usukani kwa jina hilo. Wakiwaruhusu, waombeni mdundo ule wa sekunde tano.

Vioo vyenyewe, siku mtakaporuhusiwa kuvigusa, ni kitambaa laini, maji na sabuni nyepesi isiyo na chembe za kukwaruza. Vueni pete na saa. Watunza taa wa zamani walivaa aproni ili vifungo vya nguo visikwaruze kioo.

Limebaki lile jambo dogo. Mafundi wenu wa plasta waliacha kibao miaka sita iliyopita, kwa hiyo alama ile haikuachwa na watunza taa. Ni ya juzi. Na sigara huacha doa au mstari mfupi ulionyooka, haichori mstari uliopinda. Kioo kinachochukua mwali wa katikati na kuupeleka mbali hufanya pia kinyume chake: huchukua jua la mbali na kulikusanya pale palipokuwa na mwali. Jua linasogea angani, doa la moto linasogea ubaoni, ndiyo maana mstari umepinda. Lenzi ya ngazi aliyoiwaza Buffon ilikuwa hasa ya kuchomea vitu kwa jua. Watunza taa walijua hatari hiyo, na kila asubuhi walitundika mapazia kwenye vioo vya chumba cha taa. Huenda kulabu zake bado zipo juu ya fremu. Hili halingoji wataalamu. Kesho alfajiri, kabla chumba hakijapata joto, mtu mzima mmoja apande, afungue mlango wa roshani, akitoe kibao, atundike kitambaa cheupe kizito kuzunguka vioo vyote, asiguse kioo wala beseni, na ashuke ndani ya dakika chache.